Kiumbe Hawi Muumba



Msafiri atokaye mjini Shinyanga kwenda Mwanza hupita Kolandoto, mahali palipo na hospitali ya kale iliyoanzishwa mwaka 1913 na wamisionari wa Africa Inland. Mbele kidogo kuna Mwadui, ambako mwaka 1940 John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi. Mbali zaidi, upande wa kaskazini magharibi, iko Geita yenye dhahabu. Nchi hii yote, tangu Mwadui hata Geita, ni nchi ya watu watafutao mali chini ya ardhi.

Katika hospitali hulala watu wa kila namna: mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi, mchunga ng'ombe mwenye malaria, mama aliyejifungua usiku, mwenye maduka matatu mjini. Vitanda vyao ni vya namna moja, na homa ikipanda wote huomba maji kwa sauti moja. Williamson mwenyewe, aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Afrika nzima, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947. Lakini saratani ya koo ilipomjia hakuweza kujinunulia hata siku moja zaidi. Alikufa Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50.

Twaanza na kitanda cha mgonjwa kwa sababu juma hili twataka kusema juu ya uongo uliotungwa zamani sana, nao hauishi kupata wateja wapya: kwamba mwanadamu aweza kuwa Mungu. Wengi watasema, "Jambo hili halituhusu, nani kwetu ajiitaye Mungu?" Tunawaomba wasikilize hata mwisho, kwa maana uongo huu una nguo nyingi, na moja ya nguo hizo imetapakaa damu hapa hapa kwetu.

Uongo mmoja, nguo tatu

Nguo ya kwanza ni ya wale wajitangazao waziwazi. Magharibi mwa Kenya alikuwako Jehovah Wanyonyi, aliyewaambia wafuasi wake kwamba yeye ndiye Mungu. Mwaka 2015 habari za kifo chake zikatangazwa. Wako pia wasiosema "mimi ni Mungu", lakini maneno yao hupokewa kana kwamba Mungu mwenyewe amenena, wala hakuna athubutuye kuyapima. Huko Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba yao ya sala kwa kuwafuata viongozi wa namna hiyo; na tukiri kwa huzuni kwamba wengi wao walitoka katika Kanisa letu Katoliki. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hata kufa ili wakutane na Yesu. Mtu akiachiwa kiti cha Mungu, hata asipojiita Mungu, wanaomzunguka hulipa kwa roho zao.

Nguo ya pili ni ya mafundisho. Mwezi wa Aprili 1844, katika mji wa Nauvoo huko Marekani, Joseph Smith, mwanzilishi wa dini ya Wamormoni, alihubiri kwamba Mungu mwenyewe hapo kale alikuwa mtu kama sisi, na kwamba watu nao wapaswa kujifunza kuwa miungu. Siku hizi, katika redio na mikutano ya hadhara, wako wahubiri wengine kabisa wawaambiao Wakristo kwamba wao ni miungu midogo, na kwamba wakitamka neno kwa nguvu ni lazima litimie. Hatuwadharau watu waliolelewa katika mafundisho hayo. Wengi wao ni jirani wema na wachapa kazi. Lakini fundisho lenyewe hatuwezi kulipokea, na chini tutaeleza kwa nini.

Nguo ya tatu haina mahubiri wala kitabu. Ni ya mtu asiyesema neno lolote juu ya uungu, ila usiku huenda kwa mganga kununua mamlaka juu ya bahati, juu ya uhai na juu ya mauti ya mwenzake. Mtu huyu aweza kuwa amebatizwa. Aweza kuwa huketi kiti cha mbele kanisani. Kwa mdomo husali Baba Yetu, na kwa fedha yake hutafuta kuwa yeye ndiye apangaye nani aishi na nani afe ili mgodi wake utoe. Hii ndiyo nguo iliyo karibu nasi zaidi.

Yale ambayo wazee wetu waliyajua

Wengine husema kwamba imani ya Mungu mmoja ililetwa na wageni, na kwamba mababu waliwafanya watu kuwa miungu. Sivyo. Wasukuma wa kale walimjua Liwelelo, aliyeitwa pia Seba na Likube, aliye juu ya vyote. Masamva, yaani roho za wazee waliokufa, waliyaheshimu na kuyatolea sadaka. Hata hivyo hawakusema kwamba masamva ndiyo yaliyoumba mbingu na nchi. Mzee akifa alikuwa bado mzee, hakuwa Liwelelo.

Tazameni pia habari za ntemi. Ntemi alikuwa mkuu sana, na mvua ya nchi ilihesabiwa kuwa mzigo wake. Lakini mvua ilipokataa kunyesha miaka mfululizo, watu walimwondoa kitini wakamweka mwingine. Je, mungu huondolewa kitini? Kwa tendo hilo wazee walikiri kwamba ntemi alikuwa mwombaji tu, na mvua ilikuwa na mwenyewe. Kadhalika habari za Ng'wanamalundi, mcheza ngoma mashuhuri wa Usukuma, ambaye watu husimulia hata leo kwamba aliruka angani na kukausha miti kwa kuinyoshea kidole. Hata wampendao kupita kiasi husimulia mwisho wake kama wasimuliavyo mwisho wa mtu yeyote: alikufa katika miaka ya 1930, akazikwa.

Basi hata kabla ya Injili kufika, akili ya wazee wetu ilikuwa imekwisha kuona ukweli nusu ya njia: kiumbe ni kiumbe, Muumba ni Muumba. Wajukuu waliosoma shule wasiwe wajinga kuliko babu zao.

Akili yasemaje?

Katika nchi yetu kavu tuna malambo. Mtu akichimba lambo kubwa na kulijenga vizuri, masika yakija hujaa, ng'ombe hunywa, wanawake huteka, na wageni husifu. Lakini lambo halina maji yake lenyewe. Kila tone lililomo lilitoka mbinguni. Ukilipanua mara kumi, litapokea maji mara kumi. Halitageuka kuwa mvua. Kiangazi kikiwa kirefu, hukauka, na udongo wake hupasuka kama udongo mwingine wote.

Ndivyo tulivyo sisi. Uhai wetu tulipewa. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeamua kuzaliwa, wala aliyechagua siku. Mungu hakupewa uhai na yeyote. Yeye yupo kwa nafsi yake, hana mwanzo, wala hategemei kitu. Basi tuwaulize wale wasemao kwamba mtu aweza kupanda ngazi hata awe Mungu: mwenye mwanzo atafanyaje hata asiwe na mwanzo? Aweza kuongezewa elimu, nguvu, utakatifu, hata uzima wa milele. Lakini siku ile alipoanza kuwako haitafutika kamwe. Na wakisema kwamba Mungu naye alipata kuwa mtu, kisha akapanda, basi hawamzungumzii tena Mungu, bali kiumbe mwingine aliyetutangulia. Na bado twauliza, ni nani aliyemwumba huyo? Lazima tufike kwa Yule ambaye hakupanda kutoka popote. Huyo ndiye tumwabuduye.

Maandiko Matakatifu yasemaje?

Sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo yatueleza jinsi nyoka alivyomdanganya mwanamke kwa kumwahidi kwamba wakila tunda watafanana na Mungu. Watu wengi husoma maneno haya wasione ujanja uliomo. Sura ya kwanza imekwisha kusema kwamba mume na mke waliumbwa kwa mfano wa Mungu! Kumbe nyoka aliwauzia kitu ambacho Mungu alikwisha kuwapa bure, ila aliwafundisha kukipata kwa kunyang'anya badala ya kupokea, na bila Mungu badala ya kuwa pamoja naye.

Sasa fungueni ukurasa unaofuata. Katika sura ya nne Kaini amwua Abeli ndugu yake. Mambo haya mawili hayakuwekwa karibu kwa bahati tu. Mtu akikataa kuwa chini ya Baba, kesho yake humwona ndugu yake kuwa kizuizi, au kuwa chombo. Anayejifanya mungu huhitaji sadaka, na kwa kuwa yeye si Mungu wa kweli, hana cha kuwapa watu, hubaki kuwala.

Katika kitabu cha Ezekieli, sura ya 28, Mungu amwuliza mkuu wa Tiro, aliyelewa utajiri wa biashara yake, kama atathubutu kujiita mungu mbele ya hao watakaomwua. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 12, Herode asifiwa na umati kwamba sauti yake ni ya mungu, naye hakukana. Akapigwa na malaika, akaliwa na wadudu. Lakini katika sura ya 14 watu wa Listra wataka kuwatolea Paulo na Barnaba sadaka ya ng'ombe wakidhani ni miungu, nao wararua nguo zao na kuwaingilia watu katikati, wakipaza sauti kwamba wao ni wanadamu tu. Wazazi, wafundisheni watoto kupima kila mhubiri kwa kipimo hiki: akisifiwa kupita mtu, je, hunyamaza kama Herode, au hurarua nguo zake kama Paulo?

Damu katika nchi ya dhahabu

Sasa tuseme waziwazi neno lililotufanya tuandike somo hili. Tangu mwaka 2006 na 2007 dunia nzima ilianza kusikia habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa: Shinyanga, Mwanza, Geita na jirani zake. Waganga waongo waliwaambia watafuta mali kwamba kiungo cha mtu huyo kitaleta dhahabu, samaki au madaraka. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua kijana wa miaka 14. Februari 2015, wilayani Chato, mtoto wa mwaka mmoja tu alinyakuliwa kwa mama yake, ambaye alijeruhiwa vibaya akimtetea. Baadaye mwili wa mtoto ulionekana umekatwa viungo. Mjini Shinyanga, katika kituo cha Buhangija, watoto wengi walikusanywa wapate ulinzi. Wakalelewa mbali na mama zao, si kwa kuwa hawakupendwa nyumbani, bali kwa kuwa nyumbani hapakuwa salama.

Na kabla yao, na pamoja nao, ni bibi zetu. Kwa miaka mingi katika mikoa hii wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na ushahidi ukawa macho yao mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko la kuni na samadi, waliloinamia miaka 50 wakiwapikia watoto wa watoto wao.

Tuulize kwa utulivu: mtu anunuaye mkono wa mtoto, ananunua nini? Si dhahabu. Dhahabu ya Geita imo katika mishipa ya miamba iliyofanyika kabla mwanadamu yeyote hajazaliwa. Hupatikana kwa kupima, kuchoronga na kuchimba, wala mwamba hausikii harufu ya damu. Na ualbino hauna siri: mtoto huurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao mara nyingi wao wenyewe ni weusi kama sisi, na ngozi yake hukosa ile rangi iilindayo na jua. Anachohitaji ni kofia, mikono mirefu ya shati, mafuta ya kukinga jua, na kiti cha mbele darasani kwa kuwa macho yake huona hafifu. Katika mifupa yake hamna bahati, ila mna mtu.

Basi mnunuzi yule ananunua kitu kimoja tu: kujiona kwamba uhai wa mwenzake uko mkononi mwake. Huko ndiko kutaka kuwa Mungu, ingawa hajui kusoma wala hajasikia mafundisho ya Nauvoo. Amri ya kwanza na amri ya tano huvunjwa kwa panga moja. Wala asiseme yule atoaye fedha tu, "Mimi sikushika panga." Kaini mwenye mfuko ni Kaini yule yule. Na ajuaye habari, akanyamaza kwa kuogopa mjomba au shemeji, ajue kwamba damu ya Abeli ililia kutoka ardhini, na Mungu aliisikia.

Je, Kanisa halisemi kwamba twashiriki uungu?

Msomaji mwenye kusoma sana atatupinga: "Zaburi ya 82 yawaita waamuzi miungu, na Bwana wetu aliitaja katika Injili ya Yohane, sura ya 10. Petro, katika waraka wake wa pili, asema kwamba tutashirikishwa umungu. Naye Mtakatifu Athanasi wa Aleksandria alifundisha kwamba Mungu alijifanya mtu ili sisi tufanywe kama Mungu. Mbona ninyi mwakataza?"

Swali hili ni zuri, na tusilikimbie. Zaburi ile ile yawaambia waamuzi wale kwamba watakufa kama wanadamu, kwa sababu hawakuwatetea maskini na yatima. Jina kubwa walipewa kwa ajili ya kazi ya haki, nao wakaiharibu. Ama maneno ya Petro na ya Athanasi, hayo ni habari njema yenyewe; lakini tutazame ni nani atendaye. Petro asema twashirikishwa, wala hasemi twajitwalia. Athanasi aanza na Mungu anayeshuka, wala haanzi na mtu anayepanda.

Warongo wa Geita walikuwa wafua chuma mashuhuri, na majembe yao yalilima nchi nyingi. Mhunzi akitia chuma motoni, chuma chenyewe huwa chekundu, hutoa nuru na joto, hata mtoto hudhani ni moto. Lakini ni chuma bado. Hakikuwasha moto, kilitiwa ndani yake. Ukikitoa, baada ya muda hupoa na kuwa cheusi kama kwanza. Hivyo ndivyo neema ya utakaso ifanyavyo kazi ndani ya roho iliyobatizwa. Twang'aa kwa uzima wa Mungu, twaitwa wana kwa kufanywa wana, lakini asili yetu haigeuki kuwa asili ya Mungu, nasi tukijitoa motoni twapoa.

Kila Misa yatufundisha jambo hili, kama tukitazama. Padre hutia matone machache ya maji ndani ya divai, akisali kimya kwamba tushirikishwe umungu wake Yule aliyekubali kushiriki ubinadamu wetu. Tone la maji halijigambi kuwa ni divai. Limechukuliwa tu, likaingizwa katika sadaka ambayo peke yake lisingaliweza kuitoa.

Naye Kristo, ambaye kwa kweli ni Mungu, alifanya nini na uungu wake? Mtume Paulo awaeleza Wafilipi, katika sura ya pili, kwamba hakuung'ang'ania, bali alijishusha akawa kama mtumwa, akatii hata kufa msalabani. Wanadamu watakao kuwa miungu huwatoa wengine sadaka. Mungu alipokuwa mwanadamu, alijitoa mwenyewe.

Basi tufanyeje?

Kwanza, katika kila nyumba ya Kikristo neno hili lisemwe mbele ya watoto, wala si mara moja: hakuna mali itokayo katika mwili wa mtu. Mtoto akilisikia kwa baba yake mezani, mganga atachelewa kumpata.

Pili, mwenye ualbino na bikizee asiye na mtu wasiachwe peke yao. Jumuiya ndogo ndogo iwajue kwa majina, iwatembelee, iwatengenezee mlango imara, na ikisikia fununu ya hatari iende polisi mchana kweupe.

Tatu, mchimbaji anayekosa leo na kukosa kesho asione haya kuomba. Kumwomba Mungu baraka ya kazi ni haki ya mtoto kwa baba yake. Lakini aombaye hukubali kwamba jibu laweza kuwa hapana. Asiyekubali hapana ndiye atakayetafuta njia ya usiku.

Nne, anayejua kwamba amekwisha kuingia njia hiyo asikate tamaa. Milango ya kitubio iko wazi hata kwake. Bali toba ya kweli haifichi jinai, wala haimwachi mganga aendelee kuua.

Turudi Kolandoto. Usiku, taa zikiwa chache, muuguzi hupita kati ya vitanda. Humwinua mgonjwa asiyemjua, humpa maji, humgeuza, humfuta jasho, kisha huenda kwa mwingine. Hana mamlaka juu ya uhai na mauti, naye alijua hilo tangu siku ya kwanza ya kazi. Ikiwa twataka kwa haki kufanana na Mungu, huyo na atufundishe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Nyoka aliwaahidi wazazi wetu wa kwanza kitu gani ambacho walikuwa wamekwisha kupewa?
2. Kwa nini lambo haliwezi kuwa mvua, na chuma hakiwezi kuwa moto?
3. Anunuaye kiungo cha mtu ili apate mali avunja amri zipi za Mungu, na kwa namna gani?
4. Ni nani katika mtaa wetu aishiye kwa hofu kwa sababu ya ngozi yake au ya uzee wake, na juma hili tutamfanyia nini?